UZI: Mikoko ya kupandwa hufa kwa nini? Kimo, maji, chumvi na kitalu (mwambao wa Kenya na Tanzania)

#1 Hori_Kuu

Wakuu, uzi huu ni wa vikundi vya mwambao vinavyopanda mikoko, pamoja na wanaovifadhili. Mtindo umekuwa huu: ikifika siku ya mazingira watu wanaletwa kwa mabasi, fulana mpya, maelfu ya miche inachomekwa kwenye tope asubuhi moja, bahari inajaa, kila mtu kwake. Baada ya mwaka vimebaki vijiti. Lawama wanapewa kaa, mbuzi au mabadiliko ya tabianchi, na mara nyingi wote hao wanasingiziwa. Miche ilipandwa mahali ambapo mkoko hauoti.

Mahali penyewe ni tope tupu la upande wa bahari. Panapendwa kwa sababu hapana mwenyewe, hapahitaji kufyekwa na picha zake zinapendeza. Lakini jiulizeni: msitu wa jirani unaangusha mbegu chungu nzima kila msimu, maji yanazisambaza bure, mbona pale haijaota hata moja? Jibu karibu siku zote ni kimo cha ardhi. Mikoko huanza karibu na usawa wa kati wa bahari, ikapanda hadi pale maji ya bamvua kubwa (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yanapoishia. Chini ya hapo mche unazama saa nyingi mno, mizizi haipati hewa, na mawimbi yanautikisa kabla haujashika. Roy Lewis, mtaalamu wa Marekani aliyejulikana kwa kazi ya kurejesha mikoko, alikuwa na kipimo ambacho kinafuatwa hadi leo: eneo la mikoko lisiwe chini ya maji zaidi ya takriban asilimia 30 ya muda wote. Tope la nje linazama zaidi ya nusu ya muda.

Ufilipino walilipa ghali kulijua hili. Walipanda kwa miongo kadhaa kwa fedha nyingi, na sehemu nyingi zikaishia na miche hai asilimia 10 hadi 20. Walikuwa wakipanda nje, kwenye tope na nyasi za bahari, huku mabwawa ya samaki yaliyoachwa, ambako mikoko ilikuwapo zamani, yakikaa bure. Na ukipanda juu ya nyasi za bahari umeharibu mara mbili, maana hizo ni malisho ya samaki tafi na kasa, na zenyewe zinahifadhi kaboni kwenye udongo.

Utaratibu unaofaa unaanza na swali: kwa nini hapa hapajaota penyewe? Kama maji yamezibwa, yafungulie njia. Kama watu bado wanakata, malizaneni kwanza na hilo. Kisha subirini msimu mmoja au miwili muone kama miche ya asili inaingia. Kupanda ni hatua ya mwisho, na mahali pengi hapahitajiki kabisa.

#2 Mchu_Mkongwe

Naunga mkono, na nitie neno kuhusu aina, kwa sababu vikundi vingi hupanda mkoko peke yake (Rhizophora mucronata, ule wa mizizi ya magoti). Sababu inaeleweka: mbegu yake ni ndefu, inaokoteka, haihitaji kitalu. Lakini si kila tope ni la mkoko.

Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, wa mbele ni mlilana (Sonneratia alba), anayestahimili mawimbi kuliko wote. Nyuma yake mkoko, hasa kandokando ya mahori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) ambako tope ni laini na maji yanaingia karibu kila siku. Muia (Bruguiera gymnorrhiza) huchanganyika naye. Juu zaidi, tope likianza kuwa gumu, ni mkandaa (Ceriops tagal). Mchu (Avicennia marina) ana tabia yake: utamkuta mbele kwenye mchanga, na utamkuta nyuma kabisa kwenye uwanja wa chumvi, amedumaa lakini hai. Mkomafi na msikundazi wanataka maji baridi kidogo (yaani yasiyo na chumvi), basi wawekeni karibu na midomo ya mito na chemchemi.

Huu ni mpangilio wa jumla, kila hori lina yake. Kabla ya kuchagua mbegu, tembeeni kwenye msitu mzima ulio karibu, kutoka maji hadi nchi kavu, mkiandika kila mti unapoanzia na unapoishia. Asubuhi moja ya maji kupwa inatosha.

#3 Pwani_Kusini

Shukrani wakuu. Hicho kimo sisi tutakipimaje? Hatuna vyombo vya wapima ardhi.

#4 Hori_Kuu

Bahari yenyewe ni pima maji, mkuu. Tafuteni fito zilizonyooka za mita 2 na nusu, zipakeni chokaa ya maji au vumbi la chaki lililokorogwa. Chokaa isiwe nzito, maji lazima yaioshe. Siku ya bamvua (mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na siku mbili zinazofuata), maji yakiwa yamekupwa, simikeni fito tatu au nne ndani ya msitu mzima wa aina mnayotaka kupanda, na nyingine kwenye eneo lenu. Maji yakijaa na kupwa tena, nendeni mpime kutoka kwenye tope hadi chokaa ilipooshwa.

Tuseme kwenye mkoko wa asili imeoshwa sentimita 90, na kwenye eneo lenu sentimita 170. Ninyi mko chini kwa sentimita 80. Hapo mkoko hautaki, msidanganyane. Ikitofautiana kwa sentimita 10 au 15, pana matumaini. Ikiwa eneo lenu limeosha sentimita 20 tu, mko juu: fikirieni mkandaa au mchu.

Yanayoharibu kipimo hiki ni matatu. Upepo mkali: mawimbi yanaosha chokaa juu ya kimo halisi cha maji, kwa hiyo chagueni siku shwari. Umbali: fito zote ziwe hori moja, kwa sababu maji huchelewa na hujaa tofauti kutoka hori hadi hori. Mvua: inaosha fito yote na mnaanza upya.

Kama maeneo mawili yako karibu, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi wa kusawazishia msingi, unafanya kazi vizuri zaidi. Ujazeni maji, hakikisheni hakuna kiputo hata kimoja cha hewa ndani, mwende hatua kwa hatua kutoka kigingi hadi kigingi. Kiputo kimoja kinawadanganya kwa sentimita kadhaa, na kwenye mikoko sentimita ni mambo makubwa.

#5 Fundi_Kitalu

Upande wa mbegu na kitalu nitaandika kwa urefu kidogo, wenye haraka wanisamehe.

Mkoko: mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na kikofia chake. Ikiwa pete bado ni kijani, iacheni mtini. Iliyokomaa inang'oka kwa kuguswa tu. Mkilazimika kuivuta kwa nguvu, haijafika. Kikofia kisitolewe kwa kucha, kitadondoka chenyewe, maana kichipukizi kiko ndani yake na kikijeruhiwa mmepoteza mbegu. Kagueni kila moja: tobo dogo kama la ncha ya pini maana yake mdudu yumo ndani, tupeni. Iliyotafunwa na kaa, tupeni. Wekeni kivulini ndani ya gunia bichi, zisikae juani hata saa moja. Zikikaa siku chache namna hiyo kaa hawazishambulii sana kama zikiwa mbichi kabisa.

Kupanda moja kwa moja: ncha iliyochongoka ndiyo inaingia kwenye tope. Kila mara wapo wageni wanaochomeka juu chini! Theluthi moja tu izame. Mbegu ya sentimita 45 inaingia sentimita 15. Ikizama zaidi ya hapo, sehemu ya chini hukosa hewa ikaoza. Ikiwa juujuu, inaelea bamvua la kwanza. Nafasi ya mita 1 kwa 1 ni mbegu 10,000 kwa hekta, mita 1 na nusu ni 4,444, mita 2 ni 2,500. Mahali penye mawimbi bananisheni, mahali palipotulia mita 2 inatosha, kwa sababu mbegu za asili zitajaza katikati.

Mkandaa na muia pia huchomekwa moja kwa moja, ila mbegu ni fupi, kwa hiyo kwenye eneo lenye kaa wengi pitisheni kitaluni kwanza.

Mchu: loweka mbegu kwenye ndoo usiku kucha, ganda linavuka lenyewe. Isizikwe. Ibandikeni juu ya udongo wa kiriba (kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche), upande wa mzizi chini, ikandamizwe kidogo tu. Ikifukiwa inaoza.

Mlilana ndio mtihani. Tunda moja lina mbegu zaidi ya mia, ndogo kama kucha ya mtoto. Loweka matunda yaliyoiva mpaka yalegee, yasagweni kwa mkono, chekecheni, mwageni mbegu kwenye trei ya tope laini lililochanganywa na mchanga, zifunikwe kwa udongo wa nusu sentimita. Zikifika majani manne, hamishieni kwenye viriba kimoja kimoja.

Kitalu kiwe mahali panapofikiwa na maji ya bamvua tu, si kila siku. Matuta upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Viriba vya sentimita 10 kwa 15 vitobolewe chini na pembeni, vijazwe tope la msitu wenyewe. Kivuli cha makuti kipitishe nusu ya jua. Siku za maji mafu (maji madogo, kati ya bamvua na bamvua) kitalu hakifikiwi, kwa hiyo mwagilieni kwa maji ya hori yaliyochanganywa na maji baridi. Msimwagilie maji baridi matupu mpaka mwisho: mche utanawiri, utapendeza, na utakufa wiki ya kwanza ukikutana na chumvi. Mwezi wa mwisho ondoeni kivuli kidogo kidogo. Mche wa mchu wenye sentimita 30 na majani sita uko tayari.

Siku ya kupanda chaneni kiriba na mrudi nacho. Kiriba kilichoachwa kwenye shimo kinabana mizizi, na mtakuwa mmepanda plastiki baharini kwa jina la mazingira.

#6 Kaa_Tope

Mkuu Fundi, je, siku yenyewe ya kupanda inachaguliwaje? Kwetu hupangwa na mgeni rasmi.

#7 Fundi_Kitalu

😀 Mgeni rasmi apewe kalenda ya mwezi. Eneo linalofikiwa na maji kila siku lipandwe bamvua likianza kupungua, ili mche upate wiki moja ya maji madogo kabla ya bamvua lijalo. Eneo la juu, linalofikiwa na bamvua peke yake, ni kinyume: pandeni siku moja au mbili kabla ya bamvua, la sivyo mche unakaa juani wiki nzima bila tone. La juu pia lingojee masika, kwa sababu mvua inapunguza chumvi ya udongo.

Na mbuzi, kwa kuwa wametajwa: kwenye mchu hawasingiziwi. Mchu ni malisho yanayopendwa na mbuzi, ng'ombe, hata ngamia. Mkoko hawaushughulikii sana. Kama eneo liko kwenye njia ya mifugo, kubalianeni na wafugaji njia nyingine kabla ya kupanda. Uzio wa miti ya mikoko kulinda mikoko ni kichekesho.

#8 Chumvini

Nizungumzie mashamba ya chumvi na mabwawa ya kamba yaliyoachwa, kama yaliyoko upande wa Gongoni na Ngomeni. Hapo ndipo penye hekta za kurejesha, na hapo ndipo watu wanapanda bila kupima chochote.

Chimbeni shimo la sentimita 30 hadi 40, ngojeni maji yachuruzike, pimeni chumvi yake kwa refraktomita ya mkononi. Maji ya bahari ni gramu 35 hivi kwa lita. Maji ya shimo yakisoma 60 mkoko sahauni, mchu ataishi amedumaa. Yakifika 90 msipande kitu. Bila chombo, angalieni ardhi: ukoko mweupe, nyufa, hakuna tundu la kaa hata moja. Matundu ya kaa yakianza kurudi, hewa na maji vimeanza kupita ardhini, na hiyo ni dalili nzuri kuliko mche wowote mliouchomeka.

Dawa ni kubomoa kingo, lakini si popote. Tafuteni mkondo wa zamani ulipokuwa kabla ya shamba. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma zinauonyesha, na wavuvi wazee wanaujua. Fungueni hapo, sehemu ya chini kabisa. Kosa kubwa ni mlango mwembamba: maji yanaingia kwa kasi, yanachimba shimo mlangoni, kisha yanashindwa kutoka yote kabla ya kujaa tena. Maji yaliyotuama ni mabaya kama ukavu. Tope linakuwa jeusi, linanuka mayai yaliyooza, mizizi inakufa. Kipimo ni rahisi: maji yakikupwa, eneo lote likauke isipokuwa kwenye mkondo. Kukibaki dimbwi, ongezeni mfereji mdogo kuelekea mkondoni.

Barabara zinazokata hori nazo ni vivyo hivyo. Kalavati moja ya kipenyo kidogo haitoshi, au imewekwa juu mno, na msitu wa upande wa ndani unakauka taratibu. Hapo koleo la kikundi halisaidii, inabidi kuwabana wenye barabara.

#9 Mto_Mkavu

Kuna na kinyume chake, Chumvini: udongo kuzidi. Hori la Mwache, Mombasa, lilipoteza mikoko mingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Udongo kutoka mashamba ya juu ulishuka ukafukia mizizi. Vidole vya mchu vinavyochomoza kwenye tope ndivyo pua zake. Vikifunikwa ghafla kwa sentimita 10 tu, mti unaweza kufa. Kupanda tena pale bila kuzuia udongo wa juu ni kurudia hasara. Kazi ya kwanza ya msitu kama huo iko kilomita nyingi ndani: makinga maji, fanya juu (matuta ya kuzuia udongo), nyasi kwenye kingo za mashamba. Mvua kubwa zinazidi kuja kwa mkupuo, kwa hiyo vikundi vya pwani vinahitaji urafiki na wakulima wa juu kuliko vinavyohitaji miche.

#10 Mchu_Mkongwe

Ukataji umepitwa haraka humu. Mchu na mlilana ukikatwa unaweza kuchipua. Mkoko hauchipui: ukikata chini ya majani umeua. Kwa hiyo sheria ya kikundi isiseme tu "tukate kidogo", iseme aina gani na unene gani. Biashara ina madaraja yake, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti (kama sentimita 11 na nusu hadi 14), nguzo na banaa. Boriti ikiwa ndiyo inayotakiwa na kila mjenzi, msitu unabaki na vijiti na miti iliyopinda, na kwa mbali unaonekana mzima.

Bila mbadala watu wataendelea kukata. Mivinje kwenye ardhi ya kijiji inatoa miti ya kujengea ndani ya miaka 4 hadi 6, na kuni. Ianzishwe kabla ya kufunga msitu, si baada.

Jambo jingine: bahari ikipanda, mikoko hurudi nyuma kuelekea bara. Ikikuta ukuta, barabara au nyumba, inabanwa katikati. Uwanja wa chumvi ulio nyuma ya mikoko unaonekana hauna maana, lakini ndio msitu wa miaka hamsini ijayo. Msiuache ugawiwe viwanja.

#11 Pwani_Kusini

Na habari za kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi? Kuna watu wamepita kijijini wakiahidi mengi.

#12 Hori_Kuu

Mfano uliopo ni Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kwale. Ulianza kuuza mwaka 2013 chini ya viwango vya kimataifa vya miradi ya kaboni ya jamii viitwavyo Plan Vivo, na unahusu hekta 117, sehemu kubwa ikiwa msitu uliokuwapo unaolindwa, na kidogo tu ni wa kupandwa. Kiasi chake ni kama tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Walipanda mivinje pia, kwa sababu ile aliyoitaja Mchu_Mkongwe. Vanga nao walifuata.

Angalieni ni nini kiliwezesha: miaka mingi ya vipimo vya watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya, na makubaliano halali ya kusimamia msitu. Kenya mikoko yote ilitangazwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na jamii inaingia kupitia chama cha jamii cha misitu chini ya sheria ya 2016. Tanzania Bara mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na jamii inaingia kwa usimamizi wa pamoja. Bila karatasi hizo hamna cha kuuza.

Anayekuja na mkataba, muulizeni: amesajili mradi wapi? Tanzania kuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na kituo cha taifa cha kaboni kilichopo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro. Kenya, marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2023 yanataka mradi wa ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Muulizeni "gharama" zinajumuisha nini na nani anazikagua, maana hapo ndipo asilimia 40 inapoyeyukia. Pia mkataba ni wa miaka mingapi, na nani atawajibika msitu ukipigwa na dhoruba.

Kikundi chenye hekta 5 peke yake kisihangaike. Ukaguzi unagharimu karibu sawa kwa hekta 5 na kwa 500.

#13 Kaa_Tope

Swali la mwisho kwangu: tuhesabu lini? Mfadhili anataka ripoti mwezi wa kwanza baada ya kupanda.

#14 Fundi_Kitalu

Mwezi wa kwanza mpeni, ila elezeni kwamba haina uzito. Mbegu ya mkoko ina akiba yake, inaweza kubaki kijani miezi bila mzizi wa maana. Angalieni jozi ya pili ya majani, hiyo ndiyo ishara kwamba imeanza kujilisha.

Wekeni viwanja vya mita 10 kwa 10 vyenye vigingi vya kudumu, angalau kimoja karibu na maji, kimoja katikati, kimoja juu. Hesabuni mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka hadi wa 5. Safu moja iwe ya miliyoipanda, nyingine ya iliyoota yenyewe, ya tatu ya iliyokufa na sababu: imeng'olewa, imetafunwa, imefunikwa na mwani au plastiki, imezingirwa na vile vikombe vigumu vya baharini kwenye shina. Vikombe hivyo vikijaa hadi karibu na majani, mmepanda chini mno, rudini kwenye fito za chokaa.

Kujazia mapengo kungojee mwezi wa 12. Na kama kiwanja kimoja kimekufa zaidi ya nusu, msijazie kabisa mpaka mjue sababu.